Programu za Kusimamia Vifaa vya Kampuni

Programu za kusimamia vifaa ni mifumo inayoiwezesha taasisi kusajili, kupanga, kulinda na ikibidi kufuta kompyuta, simu na vishikwambi vyake kutoka mahali pamoja, bila fundi kukishika kifaa chenyewe. Mhasibu aliyeko Mwanza akipoteza kompyuta mpakato, ofisi ya Dar es Salaam huweza kutoa amri ya kuifunga dakika hiyohiyo. Mfanyakazi mpya wa Mombasa akiwasha simu aliyopewa kazini, barua pepe na programu anazohitaji hujipakia zenyewe. Kampuni yenye mashine 10 hutosheka na fundi mmoja na daftari lake. Mashine zikifika 100 na kutawanyika katika matawi, daftari hushindwa.

Soko limejaa bidhaa: Intune ya Microsoft, Jamf, Workspace ONE, Ivanti, SOTI, ManageEngine, Hexnode, Scalefusion na nyingine nyingi. Wauzaji hushindana kwa orodha ndefu za uwezo, lakini uwezo wa msingi unafanana karibu kote, na sababu yake ni ya wazi. Amri zenyewe hutungwa na Apple, Google na Microsoft ndani ya mifumo endeshi yao. Programu ya usimamizi huzipanga na kuzituma. Hakuna muuzaji anayeweza kuiamuru iPhone ifanye jambo ambalo Apple haikuliruhusu. Ndiyo maana uchaguzi mzuri huanzia ndani ya kampuni kabla ya kufika dukani: ina vifaa gani, ni mali ya nani, nani atapewa mamlaka juu yake, na mamlaka hayo yataishia wapi.

Chimbuko

Kompyuta za mezani zilitangulia. Mwaka 1994 Microsoft ilitoa Systems Management Server, programu ya kuhesabu kompyuta za ofisi na kuzipelekea programu nyingine kupitia mtandao. Windows 2000 ikaja na Active Directory pamoja na sera za vikundi, na msimamizi akaweza kuweka kanuni moja ikatiiwa na mamia ya kompyuta. Utaratibu huo ulitegemea jambo moja: kwamba kompyuta inalala ofisini, kwenye mtandao wa ofisi.

Upande wa simu, njia ilifunguliwa na kampuni ya Kanada, Research In Motion, iliyoanza kutoa seva ya BlackBerry mwaka 1999. Benki na serikali ziliipenda kwa sababu msimamizi aliweza kudai neno la siri kwenye kila simu na kuifuta ikiibwa. Kisha ikaja iPhone mwaka 2007, na wafanyakazi wakaanza kuingia kazini na simu walizojinunulia wenyewe. Mwaka 2010 Apple iliweka ndani ya iOS 4 njia rasmi ya kusimamia simu kwa mbali. Microsoft ilizindua Windows Intune mwaka 2011, huduma inayoendeshwa kwenye wingu, na mwaka 2015 Google ikaleta Android for Work, ambayo leo inaitwa Android Enterprise. Tangu hapo mpaka kati ya simu na kompyuta umefifia, na bidhaa nyingi sasa husimamia vyote viwili.

Jinsi inavyofanya kazi

Kila kitu huanza na usajili. Kifaa hupewa cheti kinachokiunganisha na seva ya usimamizi, na kutoka hapo hukubali amri zake. Seva haikipigii kifaa moja kwa moja. Hutuma ishara fupi kupitia huduma ya arifa ya Apple, Google au Microsoft. Kifaa kikiipata, chenyewe huwasiliana na seva kuuliza kuna kazi gani.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameishi na teknolojia ya jamii hii bila kuijua kwa jina. Simu za Lipa Mdogo Mdogo, mpango uliozinduliwa Kenya na Safaricom pamoja na Google mwaka 2020, hujifunga mnunuzi asipolipa sehemu yake, na hufunguka akilipa. Kampuni inayowanunulia wafanyakazi simu inapaswa kuuliza mapema kama simu hizo zina kufuli ya mkopo, kwa maana kifaa kinachomtii mkopeshaji hakiwezi kuwa chini ya mwajiri peke yake.

Utaratibu wa kutuma ishara una udhaifu ambao mnunuzi anapaswa kuuelewa mapema. Kifaa kisicho na mtandao hakisikii amri. Mwizi anayetoa laini na kuzima Wi-Fi anaiacha amri ya kufuta ikisubiri, pengine milele. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa kompyuta iliyoibwa ni usimbaji fiche wa diski, yaani BitLocker kwenye Windows na FileVault kwenye Mac, uliowashwa kabla ya wizi. Programu nzuri huwasha usimbaji huo, huuthibitisha kwa kila mashine, na huhifadhi ufunguo wa kurejesha ili mfanyakazi anayesahau neno la siri asipoteze kazi yake yote.

Jambo jingine dogo linalowaumiza wengi ni cheti cha arifa cha Apple. Hudumu mwaka mmoja, na lazima kihuishwe kwa akaunti ileile iliyokiomba. Fundi akikiomba kwa akaunti yake binafsi kisha akaacha kazi, kampuni hujikuta ikilazimika kusajili upya kila iPhone na kila Mac. Akaunti hiyo iwe ya ofisi tangu siku ya kwanza.

Kifaa cha nani?

Swali la umiliki huamua kiasi cha mamlaka. Kifaa cha kampuni kinaweza kusimamiwa kikamilifu: msimamizi huchagua programu, huzuia kamera, hulazimisha masasisho, hufuta kila kitu. Simu ya mfanyakazi mwenyewe inadai mkono mwepesi zaidi. Android ina wasifu wa kazi, sehemu iliyotengwa ambayo programu zake huonekana na alama ya mkoba. Mwajiri huona na kufuta kilichomo ndani ya sehemu hiyo peke yake. Picha za familia na mazungumzo ya WhatsApp ya mfanyakazi hubaki nje ya macho yake. Apple ilileta utaratibu wa kufanana na huo katika iOS 13 mwaka 2019, ambamo mwajiri hawezi kuifuta simu nzima wala kusoma namba yake ya utambulisho.

Tofauti hii isiachwe kwa fundi. Wafanyakazi huogopa, na wana haki ya kuogopa, wanapoambiwa waweke programu ya kazini kwenye simu walizonunua kwa jasho lao. Kampuni inayoeleza kwa maandishi kile itakachoona na kile isichoweza kuona hupata usajili wa hiari. Isiyoeleza hupata watu wenye simu mbili, moja iliyosajiliwa inayolala mezani, na nyingine inayofanya kazi halisi bila ulinzi wowote.

Kuna pia vifaa visivyo vya mtu mmoja: kishikwambi cha zamu hospitalini, kisomaji cha misimbo ghalani, mashine ya kuagizia chakula. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Vifaa vingi hupita mikono ya namna hiyo katika maisha yake. Mfumo unaochaguliwa lazima uweze kukivua kifaa kazi ya kwanza, kukisafisha data zake, na kukivisha kazi ya pili bila kukirudisha kwa fundi.

Hesabu kabla ya ununuzi

Orodha kamili ya vifaa ndiyo hati ya kwanza ya uchaguzi, na mara nyingi ndiyo inayoshangaza zaidi. Inapaswa kutaja aina, umri, mfumo endeshi na toleo lake, mtumiaji, na namna kifaa kilivyonunuliwa.

Toleo lina uzito. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazina chipu ya usalama inayohitajika na Windows 11. Programu ya usimamizi itazionyesha kompyuta hizo, haitaziponya. Kwenye Android, wasifu wa kazi na usimamizi kamili wa kawaida huhitaji huduma za Google ndani ya simu. Simu mpya za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 hazina huduma hizo, na simu za bei ya chini zenye kumbukumbu ndogo mara nyingi haziwezi kubeba wasifu wa kazi. Katika soko ambalo Tecno, Infinix, itel na Samsung zimejaa mikononi mwa watu, kila aina ya simu inayotumika kazini ijaribiwe kwa mkono kabla ya mkataba kutiwa saini.

Namna ya ununuzi nayo ina uzito. Apple Business Manager, Windows Autopilot na usajili wa moja kwa moja wa Android huwezesha kifaa kujisajili chenyewe kinapowashwa mara ya kwanza, na kujisajili tena hata mwizi akikifuta. Ili Android na Apple zifanye hivyo bila shida, kifaa kinapaswa kununuliwa kwa muuzaji anayetambuliwa na mpango husika. iPhone iliyonunuliwa dukani kwa kawaida inaweza kuongezwa kwa programu ya Apple Configurator, lakini mtumiaji hupewa siku 30 ambamo anaweza kuitoa. Bei nafuu ya duka la mtaani inaweza kugeuka gharama ya fundi kusafiri kutoka tawi hadi tawi.

Kulinganisha bidhaa

Orodha ikiwa mkononi, bidhaa nyingi hujiondoa zenyewe. Ofisi yenye Mac na iPhone tupu hupata mengi kwa Jamf, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya vifaa vya Apple, au kwa washindani wake kama Mosyle. Ofisi inayolipia Microsoft 365 Business Premium tayari inayo Intune ndani ya leseni hiyo, na wengi hulipia bidhaa ya pili bila kujua. Shule yenye Chromebook husimamia kila kitu ndani ya kituo cha Google. Maghala na kampuni za usafirishaji zenye visomaji imara vya mkononi hutazama SOTI, kampuni ya Kanada yenye uzoefu mrefu wa vifaa hivyo. Idara ndogo ya TEHAMA inayotaka masasisho ya programu na msaada wa mbali mahali pamoja hupima ManageEngine ya kampuni ya Kihindi ya Zoho.

Programu huria zipo pia, na zinastahili kuangaliwa kwa dhati na kampuni yenye mafundi hodari. Fleet imejengwa juu ya osquery, zana ya ukaguzi iliyotolewa na Facebook mwaka 2014. Munki husambaza programu kwenye Mac. Headwind MDM husimamia Android. Leseni yao ya bure haiondoi gharama ya seva, nakala rudufu na mtu wa kuamka usiku mfumo unapozimika.

Bei hutajwa kwa mtumiaji au kwa kifaa. Intune ya msingi imeorodheshwa kwa dola 8 kwa mtumiaji kwa mwezi, na mtumiaji mmoja anaweza kusajili vifaa hadi 15. Mpango huo unamfaa meneja mwenye kompyuta, simu na kishikwambi. Kwa wauguzi 30 wanaopokezana vishikwambi 8, bei ya kwa kifaa ndiyo yenye nafuu. Kwa kuwa malipo mengi ni ya dola, bajeti ya shilingi iachiwe nafasi ya kupanda na kushuka kwa thamani ya fedha.

Gharama ya intaneti husahaulika. Sasisho moja kubwa la Windows lina gigabaiti kadhaa, na tawi la kompyuta 40 zikilipakua kila moja peke yake humaliza kifurushi na kuzuia kazi ya siku nzima. Windows inaweza kuzifanya kompyuta za tawi zigawane vipande vya sasisho, na Mac moja inaweza kuwahifadhia wenzake masasisho ya Apple. Uwezo huo uwe kigezo. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Majaribio ya bidhaa yanapaswa kujumuisha siku ya kuzima mtandao makusudi, ili ionekane kama sera zilizokwisha kufika zinaendelea kufanya kazi.

Usalama wa kituo chenyewe

Hapa ndipo ulinganishaji mwingi huwa mwepesi kupita kiasi. Kituo cha usimamizi kinashika funguo za kila mashine ya kampuni, kama mlinzi wa ghala anayebeba funguo zote kiunoni. Anayekiteka hahitaji kuvamia kompyuta moja moja.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 2024, wanafunzi wapatao 13,000 wa shule 26 za sekondari nchini Singapore walipoteza data kwenye iPad na Chromebook zao baada ya mvamizi kuingia katika Mobile Guardian, programu iliyokuwa ikisimamia vifaa hivyo, na kuvifuta kwa mbali. Maandishi ya masomo yasiyokuwa na nakala yalikwenda. Wizara ya Elimu iliiondoa programu hiyo kwenye vifaa vya wanafunzi.

Mwaka mmoja kabla, Julai 2023, Norway ilitangaza kwamba mfumo uliotumiwa na wizara 12 ulikuwa umevamiwa kupitia kasoro katika programu ya Ivanti ya kusimamia simu. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na uchunguzi wa vyombo vya usalama vya Norway na Marekani ulionyesha kuwa ilikuwa ikitumiwa tangu angalau Aprili. Na tarehe 2 Julai 2021, wahalifu walipitia programu ya Kaseya, inayotumiwa na makampuni ya mafundi kusimamia kompyuta za wateja wao, wakazifunga kompyuta za biashara zinazokadiriwa kufika 1,500 ili kudai fidia. Nchini Sweden, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi.

Matukio haya matatu yanatoa maswali ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza kwa sauti. Je, kila msimamizi huingia kwa uthibitisho wa hatua mbili? Je, mamlaka yanaweza kugawanywa, ili fundi wa tawi abadilishe neno la siri lakini asiweze kufuta kifaa? Je, amri nzito hudai kibali cha mtu wa pili, kama Intune inavyoruhusu kupangwa? Je, kuna kikomo cha vifaa vinavyoweza kufutwa kwa mkupuo? Je, kumbukumbu za amri huhifadhiwa mahali ambapo msimamizi mwenyewe hawezi kuzifuta? Je, muuzaji hutangaza kasoro zake mapema na kuziziba haraka? Na nakala rudufu za data ziko wapi, nje ya mamlaka ya kituo hicho? Muuzaji anayekwepa maswali haya hafai, hata bei yake ikiwa nusu ya wengine.

Masasisho nayo hupitishwa kwa makundi. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja yenye kasoro ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. CrowdStrike si programu ya kusimamia vifaa, lakini funzo ni lilelile: kifaa kimoja hadi vitano kwanza, idara moja baadaye, kampuni nzima mwisho.

Sheria na faragha

Programu hizi hukusanya taarifa za watu: majina, orodha ya programu, wakati mwingine mahali kifaa kilipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomtaka anayedhibiti data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue uvujaji wenye hatari kwa wahusika. Sheria hiyo hiyo inaweza kumwondolea wajibu wa kuwajulisha wahusika wenyewe ikiwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, kwa mfano kwa usimbaji fiche. Ripoti ya programu inayothibitisha kwamba kompyuta iliyoibwa ilikuwa imesimbwa ni ushahidi wenye thamani kubwa siku hiyo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uganda ilitunga yake mwaka 2019. Rwanda, kwa sheria ya 2021, inataka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa kibali. Kwa kuwa seva za bidhaa nyingi ziko Ulaya au Marekani, swali la mahali data inapolala liulizwe kabla ya bei, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Ufuatiliaji wa mahali unahitaji tahadhari ya pekee. Apple huruhusu seva ya usimamizi kuuliza mahali kifaa kilipo pale tu kinapowekwa katika hali ya kupotea, na skrini humjulisha mwenye kifaa. Gari la kampuni lina sababu ya kufuatiliwa saa za kazi. Simu ya mfanyakazi aliyeko nyumbani Jumapili haina.

Majaribio na kuhama

Bidhaa mbili zilizobaki mwishoni hujaribiwa kwa wiki kadhaa na watu halisi, si mafundi peke yao. Jaribio lenye maana lina kazi zilizotajwa: kusajili kifaa kipya kutoka kwenye boksi, kukifunga kikiwa mbali, kurejesha ufunguo wa diski, kusambaza programu ya uhasibu, kumwondoa mfanyakazi anayeacha kazi, na kutoa orodha ya vifaa visivyo na masasisho. Msaada wa muuzaji upigiwe simu saa nne asubuhi ya Nairobi, ionekane nani anapokea.

Swali la mwisho ni njia ya kutoka, kwa maana bidhaa hubadili wamiliki. AirWatch, kampuni ya Atlanta iliyouza programu hizi, ilinunuliwa na VMware mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 1.5 na baadaye ikawa Workspace ONE. Novemba 2023 VMware yenyewe ilinunuliwa na Broadcom, na mwaka 2024 kitengo chenye bidhaa hiyo kikauzwa kwa KKR na kuitwa Omnissa. MobileIron, kampuni nyingine ya programu hizi, nayo iliingia mikononi mwa Ivanti mwaka 2020. Mteja aliyesaini na kampuni moja anaweza kujikuta akijadili bei na nyingine.

Ugumu wa kuhama hutegemea kifaa. Kompyuta ya Windows kwa kawaida inaweza kutolewa kwenye mfumo mmoja na kusajiliwa kwenye mwingine bila kufutwa. Simu ya Android inayosimamiwa kikamilifu kwa kawaida hulazimika kurudishwa hali ya kiwandani. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba vifaa vilivyo katika Apple Business Manager vyenye iOS 26, iPadOS 26 na macOS 26 vinaweza kuhamishwa kwenda seva nyingine bila kufutwa, kwa tarehe ya mwisho inayopangwa na msimamizi. Mkataba unaotaja namna ya kutoa orodha ya vifaa, funguo za diski na sera katika faili zinazosomeka, pamoja na muda wa mifumo miwili kufanya kazi sambamba, huipunguzia kampuni sehemu kubwa ya kazi hiyo.